Wimbo Ulioishia Katikati

Ephraïm alivua vipokea sauti vya masikioni, akavitupa mezani.

"Hapana, Solange. Hapana kabisa! Hii wimbo haiishe. Unatupandisha mulima, tunapanda, tunapanda, tukifika juu unatuacha. Nani atatushusha?"

"Inaishiaka pale," Solange akajibu.

"Nani alisema?"

"Mama."

"Mama yako anauzisha samaki. Si maestro!"

"Basi tafuta mwisho weye, maestro."

Ephraïm akatafuta. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la kutengeneza simu, kuta zote zimebandikwa magodoro ya sponji ili honi za pikipiki zisiingie, na bado ziliingia. Alishika gitaa, akajaribu mwisho wa kuteremka, mwisho wa kupanda, mwisho wa kanisani, mwisho wa baa. Kila mmoja ulikaa pale kama kiraka cha kitenge kingine. Alipochoka akasema, haya, tuuache hivyo hivyo, watu watatucheka, lakini watatucheka pamoja.

Tuseme ukweli: Solange alikuwa ameujaribu huo mwisho kabla yake, tena miaka mingi. Hakuwa msichana wa kuliacha swali njiani. Shuleni mwalimu alikuwa akimwita Mademoiselle Kwanini, na si kwa sifa. Alitaka kujua kwa nini kwaya husimama na padri hukaa, kwa nini wazungu wa muziki wa soul huimba polepole kana kwamba hawana haraka ya kwenda nyumbani, kumbe wenye muziki ule si wazungu hata kidogo, akafurahi kama aliyeokota kitu. Muziki huo aliupata kwenye kadi ya simu ya Ephraïm, akaupenda siku hiyo hiyo. Alisema unafanana na mama yake akikaanga samaki.

Maana mama yake, Alphonsine, alikuwa na wimbo mmoja tu maishani. Aliuimba kinywa kimefungwa, akikoroga fufu, akigeuza samaki wa ziwani, akifagia. Ulianza chini, ukapanda, ukapanda tena, halafu ukakatika. Hapo Alphonsine hunyamaza kidogo, kichwa kimeinama upande, kisha akaanza upya. Haujapata kuvuka pale hata siku moja.

"Mama, ile wimbo jina yake nani?" Solange aliuliza akiwa bado na meno ya maziwa.

"Haina jina."

"Inaishaka namna gani?"

"Geuza samaki, inaungua."

Miaka ikapita, samaki wakageuzwa, na jibu likawa lile lile. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa imefunga kinywa. Kwa hiyo Solange, alipoanza kutunga nyimbo zake mwenyewe, akauchukua wimbo wa mama akautia maneno. Hakuomba ruhusa. Nani anaomba ruhusa ya sauti ya jikoni? Maneno yalimjia bila kutafuta, kwa kuwa ule wimbo daima ulimnukia jioni:

*Jua imeshuka, moshi imepanda,*
*weye uko wapi, njia iko pale...*

Pale ndipo ulipokatika.

Jean-Pierre, mtangazaji wa redio moja ya mjini, aliupiga saa sita mchana, wakati ambao Bunia nzima iko mezani au inatafuta meza. Simu zikaanza kulia. Watu walikuwa wamekasirika! Mmoja alisema, "Mwizi weye, umekata wimbo ya watu ili utie tangazo ya sabuni." Mwingine alisema umeme wa redio umekufa, wawashe jenereta. Jean-Pierre mwenyewe alidhani faili limeharibika, akampigia Ephraïm, na Ephraïm akamwambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushindwa, "Inaishiaka pale."

Hapo Jean-Pierre akapata akili ya ujanja. Akarudi hewani. "Wapendwa wasikilizaji, huyu dada Solange ametunga wimbo na mwisho haijue. Siye pia hatuijue. Kama weye unajua, ya kwako utume na sauti, mu WhatsApp ya redio. Tutasikiliza yote."

Mungu wangu! Bunia ni mji wa vumbi na wa maneno. Ukiupa swali hautalala. Mwishoni mwa juma lile kila mtu alikuwa mtungaji. Waendesha pikipiki waliumaliza kwa honi. Kiongozi wa kwaya, mzee Athanase, aliumaliza kwa Amina ndefu ya sauti nne, zote zake mwenyewe. Wanafunzi waliumaliza kwa matusi ambayo Jean-Pierre hakuyapiga. Wimbo ukapanda malori ya kwenda Djugu na Mahagi, ukaingia kwenye machimbo ya dhahabu ya Kilo ndani ya simu za vijana, ukateremka hadi Boga na wachuuzi. Solange akipita barabarani watu walimwimbia nusu ile, wakamkodolea macho, wakangoja. Akawa anacheka, anainua mikono. Hajui! Na hilo ndilo watu walilolipenda, msanii anayetafuta pamoja nao. Akaalikwa kuimba kwenye harusi, kwenye uwanja, hata kwenye sherehe ya wakubwa ambako alipewa kiti chenye kitambaa cheupe. Majirani walioshindwa kumsalimia jana leo walikuwa shangazi zake.

Alphonsine alikuwa wa mwisho kusikia. Nyumbani hakuwa na redio, na Solange alitaka kumshtua kwa furaha. Alimshtua kweli, ila si kwa furaha. Ilikuwa sokoni, kwenye meza ya Kanyere, jirani yake wa biashara, mwanamke wa Butembo auzaye maharage na asiyekaa kimya. Redio mpya ya Kanyere ikaanza. Alphonsine alisimama na samaki mkononi. Wimbo ulipokatika, soko lote likaumaliza, kila meza kwa namna yake, kicheko juu. Alphonsine akaizima redio ya mwenzake kwa mkono wenye magamba, akafunika beseni lake, akaenda nyumbani mchana kweupe bila kuaga.

"Nani alikutuma umwite?" Ndilo neno la kwanza alilomwambia binti yake.

Solange alikuwa akifua. "Kumwita nani, Mama?"

"Minakuuliza weye! Nani alikupatia ruhusa ya kumwita mbele ya watu wote?"

"Mama, ni wimbo tu. Weye mwenyewe unaiimbaka kila siku."

"Mimi siimbe," Alphonsine alisema, akaingia ndani, akafunga mlango.

Basi mtu kama Solange umwambie hivyo halafu ufunge mlango! Alikaa kando ya beseni la nguo, povu linakauka mikononi, anarudia lile neno. Kumwita nani? Aliumia kwa hasira ya mama yake, alitaka kulia, lakini tuseme wazi, kuliko kulia alitaka kujua.

Jibu lilijitokeza lenyewe baada ya siku chache. Ephraïm alimpa simu yenye sauti zote zilizotumwa redioni, achague za kuchekesha. Solange aliketi uani akisikiliza, Kanyere kando yake akihukumu. "Huyu amekunywa. Huyu ni pasta. Huyu anaimba na kamasi." Hatua chache pembeni Alphonsine alikuwa akiparua samaki, amewapa mgongo, hasemi nao. Solange akaona jambo. Kila nusu ya wimbo ilipofika mwisho, kisu cha mama kilisimama. Kilisimama muda wa kumsikia mtu akimalizia, halafu kikaendelea. Sauti nyingine: kikasimama tena, kichwa kikainama upande.

Solange akazima simu.

"Mama. Unatafuta nini mu sauti ya hawa watu?"

Kisu kikaanguka ndani ya beseni.

"Kule kwetu," Alphonsine alianza, bado amewapa mgongo, "pale juu ya mulima yetu, mashamba ilikuwa mbali mbali. Ukiita mutoto na jina, upepo inakula. Tena ma-Michée walikuwa wengi, ma-Jeannine wengi. Basi mama alikuwa anatungia kila mutoto wake mwito. Sauti tu, bila maneno. Mutoto akikomaa kidogo, anatunga jibu yake mwenyewe. Hakuna mwenye kumufundisha. Jioni mama anaita, mutoto anajibu kutoka kule aliko, na mama anajua: huyu ni wangu, anakuja kula."

"Na ile mwito ni ya nani?"

"Ya yaya yako, mutoto wangu wa kwanza. Michée."

"Mimi niko na yaya?"

"Uko naye. Ao ulikuwa naye. Sijue niseme namna gani." Sasa Alphonsine aligeuka. "Siku ya kukimbia vita, weye ulikuwa mu mugongo yangu, mudogo sana. Yeye alipotea mu migomba. Nikamwita mara moja. Akanijibu, kule chini karibu na muto. Alikuwa na sauti ya nguvu, ile mutoto! Halafu nikasikia watu wanapita kati yetu, wenye bunduki. Nikajua nikiita tena atajibu tena, kwa sababu hajue kunyamaza akiitwa. Nikafunga kinywa. Yeye akajibu tena, bila kuitwa. Akajibu tena. Mimi kimya. Halafu akanyamaza." Alijifuta uso kwa kiwiko, mikono ikiwa na magamba. "Tangu siku ile ninamwitaka kinywa imefungwa. Mama ya namna gani anamwachia mutoto jibu mu hewa?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kanyere alikuwa akilia waziwazi na kanga usoni.

"Sasa weye umemwita, na jimbo yote ya Ituri imesikia," Alphonsine akaendelea. "Mbele, nilikuwa naweza kusema hajasikia. Naita polepole, atasikia wapi? Leo siwezi tena kusema hivyo. Asipojibu leo, Solange, nitajiambia nini?"

Hilo ndilo alilokuwa ameliogopa. Binti yake alilielewa polepole, akalishika lote. Akauliza swali moja tu zaidi, kwa kuwa alishindwa kulimeza.

"Na mimi, Mama? Mwito yangu iko wapi?"

"Yako sikutunga. Niliogopa kukuita."

Kuanzia siku hiyo walisikiliza wote watatu. Kila adhuhuri Jean-Pierre alituma sauti mpya, na Alphonsine, na kitambaa chake kichwani, aliketi mbele ya simu kama aliyeketi mbele ya daktari. Alikuwa haulizi kama sauti ni nzuri. "Hapana," alisema. "Hapana. Hapana, lakini Mungu amubariki." Jibu la Michée alilijua yeye peke yake duniani, na hakukubali kuliimba hata Solange alipombembeleza. Alisema jibu si la mama, na akilitoa mdomoni mwake, watu wataliokota, kesho kila mwongo atalileta. Alikuwa na haki.

Katikati ya hayo akaja Hubert. Huyu alikuwa mtayarishaji wa muziki kutoka Kinshasa, alishuka kwenye ndege na viatu vyeupe, hadi kufika studio kwa Ephraïm vilikwisha kuwa vya rangi ya Bunia. Alikuwa na mambo makubwa kichwani: albamu, safari, video. Na alikuwa na mwisho. Mtu wake alikuwa ameutunga kule kule Kinshasa, mwisho wa kuchezesha watu, na lazima tukubali ulikuwa mzuri. Hata Ephraïm mguu ulimcheza.

"Tunarekodi upya na hii," Hubert alisema. "Ile ya nusu tunaitoa mu redio zote, mu simu zote. Watu wasahau."

Solange aliusikiliza mara mbili. Aliutamani, asidanganye mtu. Msichana wa kwaya, mtoto wa wakimbizi, na mlango wa Kinshasa umefunguliwa mbele yake! Lakini aliona jambo moja kwa macho yake: watu wakipewa mwisho, wataacha kutuma. Nani atajibu swali lililokwisha kujibiwa?

"Tungojee kidogo, Papa Hubert."

"Mademoiselle, bahati haiji mara mbili. Tungojee nini?"

"Hii wimbo si ya kwangu. Mwenyewe hajajibu bado."

Hubert alimtazama Ephraïm amfafanulie, na Ephraïm akatazama gitaa lake. Mgeni akasema atarudi Kinshasa na ndege ya Alhamisi, na anayemtaka anajua namba. Alhamisi ndege ikapita juu ya soko. Solange aliinua kichwa akaitazama hadi ikatoweka, akarudi kumsaidia mama yake kupanga samaki.

Ndipo, kama kawaida ya mambo, mji ukaanza kuchoka. Wimbo mpya ulitoka Goma, wenye mwisho wake kamili, na vijana wakahamia huko. Sauti zilizotumwa redioni zikapungua, zikawa za wazee na za walevi. Adhuhuri moja Alphonsine hakuja kusikiliza. Alisema samaki watanunuliwa na nani yeye akikaa kwenye simu. Sokoni alinyamaza kimya, hata ule wimbo wa kinywa kufungwa hakuuimba tena, na Solange, aliyekuwa ameutafuta mwisho wake tangu utotoni, sasa alitamani asikie hata mwanzo tu. Alijilaumu sana. Alijiona amemchokoza mama yake kidonda, akamwacha nacho.

Jean-Pierre alituma sauti ya mwisho mwisho siku ya soko kubwa, jua liko juu ya vichwa. "Sikiliza, mutoto tu anacheza na simu," alisema, "imetoka Boga, namba yake hii hapa." Solange alikuwa amesimama nyuma ya beseni la samaki. Akaifungua kwa mazoea. Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, mdogo, aliyeimba mwito wote kwa maneno ya Solange, na alipofika juu ya mlima hakusita. Akashuka. Akashuka sauti tatu fupi, akaruka moja juu kabisa, ya kihuni, ya mtoto anayejua anapendwa. Nyuma yake mwanamke akasikika, "Rebecca, wacha simu ya watu!" na ikakatika.

Haukufanana na mwisho wowote waliowahi kuusikia. Solange aligeuka kumtazama mama yake, na hakuhitaji kuuliza, kwa mara ya kwanza maishani hakuhitaji. Alphonsine alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Piga," alisema.

Simu ikalia kule Boga, ikalia, ikapokewa.

"Alo?" Ni yule yule mtoto.

Alphonsine alichukua simu. Basi akafanya alichokuwa hajafanya tangu migombani. Alisimama wima katikati ya soko la Bunia, akafungua kinywa, akaita. Kwa sauti yote, sauti ya kutoka mlima hadi mlima, ambayo binti yake mwimbaji hakujua mama yake anayo. Watu wakageuka. Wakautambua wimbo, wakacheka, wakavuta pumzi kila mmoja aumalize kwa namna yake kama walivyozoea. Solange akainua mkono juu. Kanyere akapiga kelele, "Nyamaza, nyote!" Na soko, niamini, likanyamaza.

Kwenye simu mtoto akajibu. Sauti tatu za kushuka, moja ya kuruka.

"Nani alikufundisha ile?" Alphonsine aliuliza.

"Papa. Akirudi kutoka shamba anaipigaka mluzi. Inasema anakuja kula."

"Papa yako jina yake nani?"

"Papa Rebecca," mtoto alisema, akishangaa kwamba kuna mtu asiyejua. Halafu, kwa kuwa naye alikuwa wa kuuliza, na damu haijifichi, "Na weye ni nani?"

Bunia yote ilimwita Mama Solange. Ndilo jina alilolikubali sokoni, kanisani, kambini, miaka yote hiyo. Alphonsine alimtazama binti yake kama anayeomba ruhusa, na Solange, machozi yanamtiririka, akatikisa kichwa kukubali.

"Mimi ni Mama Michée."

Kisha wakasikia miguu midogo ikikimbia, na sauti ya mtoto ikipiga kelele mbali na simu, "Mama! Mama! Iko mutu hapa anasema yeye ni mama ya Papa!" Mwanamke akaja, akashika simu, akaanza kuuliza, ni nani, ni kutoka wapi, maana mume wake ni mtoto wa kuokotwa, yuko shambani kwenye kakao, amwambie nini?

"Mwambie aje," Alphonsine alisema. "Mwambie ninamwita. Chakula inapoa."